Mshike mkono dada yako, kamera mwachie mwenye kazi yake

Kwenye bajeti ya harusi, mstari wa "picha na video" hauna mtetezi. Ukumbi unao, maana ulishalipiwa advansi na advansi hairudi. Chakula kinatetewa na kikao kizima. Vinywaji ndiyo msiniulize, kuna wajomba walio tayari kamati ivunjike kuliko kreti zipungue. Basi kikao cha mwisho kikifika, ahadi za michango hazijatimia, mweka hazina ana kalamu mkononi, kinachokatwa ni video. Na lazima atokee mtu, tena mwenye sauti kubwa, aseme: "Si mdogo wake ana simu nzuri? Atatuchukulia yeye."

Safari hii huyo mdogo mtu yuko Morogoro. Ameniandikia kwamba dada yake anaolewa mwezi ujao: sendofu Ijumaa, ndoa kanisani Jumamosi, sherehe jioni yake. Kamati imeona alivyochukua kipaimara cha binamu yao, ikampa na harusi. Anauliza, akubali aokoe pesa ya familia, au akikataa ataonekana anaringa?

Mdogo wangu, kataa. Kataa kwa adabu, na uwe na hesabu zako mkononi, lakini kataa. Na nyie wengine mnaodhani suala hapa ni simu nzuri na simu mbaya, sogezeni viti.

Wewe ni ndugu wa damu wa bibi harusi. Siku ile una kazi ambazo hakuna mtu wa kukodishwa anayeweza kukufanyia. Asubuhi saluni, wewe ndiye wa kushika pochi na simu yake, wa kumwambia msusi asibane hivyo mtoto wa watu atatoka na kichwa kinamuuma, wa kumlazimisha ameze andazi moja kwa sababu tangu jana hajala. Kanisani nafasi yako ni benchi za mbele. Usiku MC atatangaza, "Ndugu wa bibi harusi, tunawaomba mbele!" Wimbo utapigwa, mtaingia kwa kuserebuka na vitenge vyenu vya sare, zawadi juu, mpaka mkamkumbatie. Wewe wakati huo utakuwa wapi? Utakuwa unarudi kinyumenyume mbele yao, macho kwenye kioo cha simu, ukimwomba Mungu usijikwae kwenye waya wa spika. Kitenge ulichokinunua, ukampelekea fundi mara mbili ili kiuno kikae, hakitaonekana popote. Siku moja watoto wa dada yako watakaa waangalie video ile, waulize mama mdogo alikuwa safari gani.

Hilo peke yake kwangu linatosha. Lakini najua kamati haishindwi kwa machozi, kwa hiyo twende kwenye kazi yenyewe.

Kipaimara ulichukua vizuri, naamini. Harusi ina nukta chache ambazo hazirudiwi na hazipigi hodi. Viapo. Pete. Kusaini. Chukua hilo la kusaini tu, ambalo wengi hulisahau: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, maana yake pale mezani watainama maharusi, wasimamizi wao na padri, wote kwa pamoja, juu ya meza ndogo. Kama hukuuliza mapema meza itakaa upande gani, utarudi nyumbani na migongo mitano na shela. Na kuna mapadri na wachungaji ambao hawataki mtu apite mbele ya altare na kifaa chochote. Mtu anayeishi kwa kazi hii anajua kwenda kumwona paroko wiki ile ile, aonyeshwe mahali pa kusimama. Wewe wiki ile utakuwa unafuatilia keki.

Kwa wenzetu Waislamu ugumu ni mwingine kabisa. Khutba inaweza kuchukua muda wake, lakini maneno yenyewe ya kuoza na kukubali, mkono wa bwana harusi ukiwa ndani ya mkono wa anayemwozesha, yanaisha kabla hujamaliza kuweka sawa mwanga wa simu. Hayo yanatendeka msikitini au barazani, kwa wanaume. Dakika hiyo hiyo bibi harusi yuko chumbani kwao, pengine mtaa mwingine, amezungukwa na shangazi na somo wake, anasubiri aletewe habari. Uso wake habari inapoingia na vigelegele vinapoanza ndio picha ambayo familia itaitafuta miaka yote. Sasa ndugu mmoja mwenye simu moja achague: barazani au chumbani? Hapo hata ukipewa kamera ya sinema haikusaidii. Panatakiwa watu wawili.

Halafu kuna sauti, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu video nyingi za kindugu hufia kwenye sauti. Picha ikitikisika kidogo mtu atavumilia. Simu husikia zaidi kilicho karibu nayo: mtoto anayelia, feni, shangazi anayesema "hebu sogea na mie nione". Bwana harusi mwenye haya, anayeapa kwa sauti ya chini akiwa mbali nawe, humpati. Ukumbini mambo hugeuka, spika zinaunguruma mpaka kila neno la mzee linapasuka. Watu wa video wanaojua kazi humbandika bwana harusi maikrofoni ndogo ndani ya kola ya koti, au huongea na mtu wa muziki wachukue sauti moja kwa moja kwenye miksa yake. Kwa hiyo unapokwenda kutafuta mtu wa kumlipa, usianze na kamera. Anza na hili: sauti ya viapo mnaichukuaje? Akikujibu kwamba kamera yao ina maiki nzuri sana, mshukuru, mpigie mwingine.

Swali la pili ni lile la kuonyeshwa kazi. Wote watakufungulia Instagram: dakika moja na nusu, shela inapepea, gari linakuja taratibu, machozi, busu, muziki mzito. Hizo huwa ni dakika bora za harusi nyingi. Omba kuona harusi moja nzima, kuanzia ibada mpaka watu wanavyoondoka, na uiangalie pale wanapotoa nasaha wazazi. Je, anayezungumza anasikika? Kamera imetulia, au inahangaika kutafuta wasichana wa meza ya pembeni? Umeme ukipungua, picha inakuwaje? Ofisi ikikataa kukuonyesha harusi nzima kwa sababu ni ya mteja, hiyo ni heshima, usiichukie, waombe wamwombe mteja ruhusa. Ikikataa bila sababu, sawa, umejua.

La tatu ni nani hasa atakayekuja. Mjini kwetu harusi nyingi hulundikana Jumamosi, na nyingine hukimbizwa kabla Kwaresima au Ramadhani haijaingia. Jina unalolilipia linaweza kuwa na harusi tatu siku moja, mwenyewe akaenda ile ya ukumbi mkubwa, yenu ikapata kijana aliyeanza kazi juzi. Sina ugomvi na kijana, ila bei iwe ya kijana.

Mkataba uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja. Tarehe, saa ya kufika na saa ya kuondoka, watu wangapi na kamera ngapi, nini mtakabidhiwa na lini. Advansi kiasi, malizio siku ya kukabidhiwa kazi, si siku ya harusi. Mkimaliza kulipa usiku ule ule, jiandaeni kupiga simu zisizopokelewa na kuambiwa "kompyuta imeleta shida kidogo dada" mpaka mtoto wa kwanza anakaa. Andikeni pia kwamba mtapewa na picha zote kabla hazijakatwa, kwenye diski yenu wenyewe. Ofisi nyingine hutoza ziada kwa hilo, na ni haki yao kwa sababu kunakili kunachukua muda, lakini bei ijulikane mwanzo.

Andikeni na suala la kurusha mitandaoni. Watu wa video hupenda kuweka kazi yao hadharani ndipo wapate wateja, na hilo ni sawa mkikubaliana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya wana yao tangu 2019, na mantiki ya zote mbili ni kwamba anayechukua taarifa za mtu aseme anazitumia kwa kazi gani. Sura ya dada yako akilia mbele ya mama yake ni taarifa binafsi kama zilivyo nyingine. Na nyinyi mkitaka kuiweka YouTube, jueni kwamba wimbo wa msanii uliomo ndani unaweza kutambuliwa na mtambo wao, video ikazimwa sauti au ikazuiwa. Kuhusu droni, siku hizi kila kamati inaitaka: kuirusha nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, muulizeni mwenye nayo akionyeshe. Mimi ningeikata mapema. Paa za mtaani tumeshaziona.

Wadogo zangu wa Pwani, wa Unguja, Mombasa na Tanga, msinione nimewasahau. Sherehe za wanawake watupu, kama kupamba kule Mombasa, zina sheria yake: simu hukusanywa au hukatazwa mlangoni, na mwenye kamera ni mwanamke. Hapo watu husema basi tumtumie ndugu, ni salama zaidi. Si lazima. Siku hizi wako wanawake wanaofanya kazi hii na wanaifanya vizuri. Swali ambalo hawaulizwi ni: baada ya sherehe, nani atakaa mbele ya kompyuta kukata na kuunga? Kama mpiga video ni dada lakini mhariri ni kaka wa ofisini, basi wageni wenu walivua mabuibui bure. Hilo liulizwe kwa mdomo na liandikwe, pamoja na nani anabaki na nakala na itafutwa lini.

Sasa, nisije nikaonekana nimelipwa na chama cha wapiga video. Hawa watu wana upofu wao. Hawajui ukoo wenu. Mpiga video atamganda msichana wa gauni jekundu dakika nzima, kisha mjomba aliyelipa ada ya dada yako kidato cha kwanza mpaka cha sita atatokea mara moja tu, akikatiza na sahani. Si kosa lake, hakuambiwa. Dawa yake ni kumpa mtu wa kutembea naye, binamu mmoja anayejua nani ni nani, amnong'oneze: yule wa kofia ndiye babu mzaa mama, yule wa meza ya nyuma ndiye mwalimu wake. Karatasi ya majina haimsaidii mtu asiyejua sura.

Upofu wa pili ni kwamba huja saa aliyolipiwa. Usiku wa kuamkia harusi hayupo. Uani kina mama wamekaa kwenye majamvi, wanachambua mchele na kumenya vitunguu saumu, mmoja anaanzisha wimbo wa zamani na wengine wanaudaka. Sebuleni baba anapiga pasi shati mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Bibi harusi amejilaza mapajani kwa mama yake kanga imemfunika nusu uso, anachezea simu. Hapo, mdogo wangu, ndipo simu yako nzuri ina kazi. Hakuna mgeni atakayepewa hali ile. Kamera kubwa ikiingia uani kila mtu atajiweka sawa na wimbo utakatika.

Na wiki moja kabla, mkalishe bibi yenu nje, chini ya mti au kwenye baraza lenye mwanga, uso wake uelekee kwenye mwanga na si mgongo. Kaa karibu naye kiasi cha kumgusa goti, simu iegemee kitu, usiishike. Muulize yeye aliozwaje. Nani alikwenda kuposa, mahari yalikuwa nini, alimwona bwana kwa mara ya kwanza wapi. Mwache aseme, usimkatize kumsahihisha tarehe. Hiyo ndiyo sehemu ya video ya harusi ambayo kila nyumba ingeilipia milioni baadaye, na siku yenyewe ya harusi hakuna mtu mwenye muda wa kuichukua.

Kwa hiyo jibu langu kwa kamati ni kugawa. Mtu wa kulipwa achukue ibada, na ukumbini mpaka keki na zawadi, basi. Masaa ya saluni, msafara wa matarumbeta, na wale wanaokesha kucheza mpaka saa nane, mkiwa mmebanwa, yafuteni kwenye mkataba mwone bei inavyoshuka. Ofisi nyingi zina bei ya siku nzima na zitapatana ukiwaeleza mnahitaji saa ngapi. Zinatofautiana sana, kuanzia laki kadhaa mpaka mamilioni, na wa laki kadhaa si lazima awe mbovu ikiwa mmemuuliza yale maswali.

Kuna familia hazina hata hizo laki kadhaa, na siwezi kuwaambia wasioe. Kama ni lazima ndugu, basi asiwe ndugu atakayeitwa mbele. Tafuteni binamu wa mbali, jirani, kijana wa kwaya, na wawe wawili. Simu moja ikae kwenye tripodi nyuma au pembeni, juu ya vichwa vya watu, iwashwe kabla ya ibada na isiguswe mpaka mwisho. Ya pili itembee. Zote ziwekwe hali ya ndege, maana simu ikipigwa katikati ya kiapo simu nyingine hukata kurekodi, na ujumbe wa mchango uliochelewa utalia juu ya "ndiyo, nakubali". Zishikwe kwa ulalo. Lenzi ifutwe na kitambaa laini, mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu kwenye taa. Na simu ya tatu, hata iliyopasuka kioo, iwekwe inarekodi sauti tu kwenye mfuko wa juu wa koti la bwana harusi. Baadaye kijana anayejua kuhariri ataioanisha na picha. Hii ya mfukoni ndiyo inayookoa viapo, na haina gharama.

Mistari myeusi inayotembea kwenye video za ukumbini mmeiona? Mara nyingi si ubovu wa simu. Umeme wetu ni wa hezi 50, simu nyingi huja zimepangwa fremu 30 kwa sekunde, na taa nyingi za ukumbini humeta kwa kufuata umeme. Ingieni kwenye mipangilio ya kamera, mtafute fremu 25. Baadhi ya simu zinayo, imefichwa tu. Jaribuni ukumbini siku ya mapambo, taa zile zile zikiwa zimewaka.

Nafasi nayo ihesabiwe. Video ya kawaida ya 1080p, kwa simu zinazobana vizuri, hula kama megabaiti 60 kwa dakika, ile ya 4K hufika 170 au zaidi. Saa tatu za 4K ni kama gigabaiti 30, na betri haifiki bila chaja ya pembeni. Safisheni simu Ijumaa, siyo kanisani. Usiku ule ule kabla ya kulala, kila kitu kinakiliwe mahali pawili, kompyuta na diski, au diski mbili zikae nyumba mbili. Kutumiana kwa WhatsApp kama video kunaipunguza ubora. Tumeni kama dokumenti, au nendeni na flashi.

Na mkiwa mmeshika diski hiyo, angalieni kabatini kwa mama. Kanda za VHS za harusi za miaka ya 1990 bado zimo, nyingine zimeota ukungu kwa joto na unyevu wetu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha Julai 2016, kwa hiyo mashine zilizobaki mtaani ni hizo hizo na zinazidi kufa. Mpelekeeni mtu azihamishe mwaka huu. Ofisi itakayowapa harusi yenu kwenye DVD peke yake pia iambieni hapana, kompyuta nyingi mpya hazina hata pa kuiingiza.

La mwisho, ambalo kamati husahau kila harusi: wahesabuni watu wa video kwenye idadi ya sahani. Wamefika kabla ya wageni, wamebeba mizigo kutwa, na chakula kinapoanza kugawiwa wao ndio wamesimama juu ya viti wanachukua foleni. Mwambie mwenye chakula aweke sahani zao pembeni mapema, zenye nyama, na chupa za maji. Wale wakati wageni wanapakua, kabla MC hajaita zawadi. Mpiga video mwenye njaa saa tano ya usiku huwa anachukua sana meza ya chakula.